Tulivyokaa Matanga ya Mtoto wa Kwenye Video

Ninyi mliokua pamoja nami, wakati sukari inaanza kurudi madukani bila foleni, mtanielewa bila maelezo mengi. Hawa wengine waliozaliwa wakakuta bando wavumilie tu. Utoto wetu huku juu Ufipa ulikuwa wa baridi, ulezi na viraka. Mwezi wa saba unaamka asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na unakwenda shule peku. Ukimkuta ng'ombe amelala njiani unamfukuza, halafu unasimama palepale alipokuwa amelala, miguu ipate joto. Ukitoka hapo unatafuta ng'ombe mwingine. Ndiyo maana tulikuwa tunachelewa namba ya asubuhi. Mwalimu wa zamu alikuwa na viatu, hilo hakulijua.

Mimi shule niliiacha darasa la nne, nilipofika kwenye hesabu za kugawanya. Nawaambia mapema ili mkiona mwandiko umepinda msishangae. Lakini kwenye rede hakuna aliyenigusa na mpira, na kwenye mdako niliwamaliza hata wasichana wa darasa la saba.

Wakati huo ndipo mitumba ilipoanza kufika. Mnaikumbuka ile harufu? Kama dawa ya mende iliyochanganywa na kabati la mtu usiyemjua. Baba alinunua koti zito lenye manyoya shingoni. Alilivaa kanisani misimu miwili kabla mtu hajathubutu kumwambia kwamba ni la kike. Akasema, "Baridi haikuniuliza," akafunga vifungo, akaenda kupokea komunyo.

Sasa wakati huohuo wa mitumba ndipo anapoingia kaka yangu Gasper, na mkiniona nazunguka mjue ni kwa sababu yake. Gasper alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu, anacheka kabla hajamaliza kusema jambo lenyewe. Biashara ilipokuwa ruksa kwa kila mtu, naye akataka. Akashuka Kirando, kule ziwani, na wenzake kununua dagaa, wawapandishe Sumbawanga mjini kuuza. Safari ya kwanza alirudi na dagaa na khanga ya Mama. Ya pili alirudi na dagaa na sabuni ya kunukia. Safari ya tatu mtumbwi ulipinduka ziwani. Wenzake waliogelea, mtumbwi ukapatikana, gunia moja tupu likapatikana, yeye hakupatikana.

Wazee wa ukoo walikuja wakasema tukae matanga. Mama akasimama mlangoni akawauliza, "Mmekuja na nani?" Wakageuka kuangalia nyuma yao. "Mleteni nimwone, ndipo nitandike mkeka." Wakarudi walikotoka. Halafu mjinga mmoja, sitamtaja, akasema amemwona kijana anayefanana na Gasper akipakia malori kule Kasesya mpakani. Mama alimtuma Baba Kasesya mara tatu. Mara tatu Baba alirudi na sabuni.

Tangu hapo jina la Gasper halikutajwa mbele yake. Zamani wote walimwita Mama Gasper. Baada ya ziwa wakaona ni kama kumtonesha, wakaliazima jina langu, akawa Mama Sesilia. Naye alikuwa kiongozi wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, akaacha kuimba. Misibani hakwenda tena, na kwetu mtu asiyekwenda misibani ni sawa na aliyehama kijiji. Lakini kila jioni alipakua ugali kwenye sahani nne: ya Baba, yake, yangu, na ya Gasper. Ya Gasper ilifunikwa na kuwekwa pembeni ya jiko. Asubuhi haijaguswa.

Sasa nikiri, maana sioni wa kunichapa tena. Ile sahani asubuhi nilikuwa naila mimi. Mama anajua, Baba anajua, hakuna anayesema. Miaka miwili nilikula kiporo cha kaka yangu. Wenzangu wote walikuwa na miguu kama fito, mimi nilikuwa na mashavu. Watu wakisema "Sesilia amenawiri," nilikuwa naangalia chini.

Haya, turudi kwenye video.

Mnalikumbuka ghala la ushirika. Zamani mahindi yalijaa mpaka yanachungulia mlangoni. Wanunuzi wa mitaani walipoanza kuja na malori yao hadi nyumbani kwa mtu, ghala likabaki na panya wasio na kazi. Basi Paroko wetu, padri kutoka ng'ambo aliyejua Kifipa kuliko nusu ya walimu wetu, alitangaza baada ya Misa kwamba Jumapili inayofuata, saa nane mchana, ghalani kutakuwa na picha ya dini. Ni ya mama aliyeumizwa na maisha, na namna Mungu alivyomponya. Kila kaya ilete blanketi moja la kuzibia madirisha, kwa kuwa video haipatani na jua.

Blanketi, wenzangu, kwa baridi ile! Watu walileta, lakini walikuja nayo wenyewe, mkono juu yake. Mama hakuja kwa ajili ya dini. Alikuja kulinda blanketi. Na alikuwa na haki, maana yalipokuja kubanduliwa letu halikuonekana, na mpaka leo ipo familia ninayoamini inalilalia. Wanajijua.

Tuliketi kama kanisani, wanaume kulia, wanawake kushoto, watoto mbele chini kwenye makapi ya mahindi, isipokuwa mimi, Mama alinibana kando yake benchini nimsaidie kulinda blanketi. Jenereta likanguruma nje, kioo kikawaka. Katekista Kristofa akasimama pembeni yake na ileile fimbo ya kufundishia mafundisho ya komunyo ya kwanza. Picha ilikuwa ya lugha ya mbali, na yeye alikuwa amesimuliwa na Paroko Jumamosi, kwa hiyo alichokumbuka alitafsiri na alichosahau alipamba.

Mtu wa kwanza kutokea kwenye kioo alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe. Basi unajua sisi Wafipa na salamu. Mkubwa hawezi kuingia mkamwangalia tu. Wanawake wote wa upande wa kushoto wakashuka kwenye mabenchi, wakapiga magoti, wakaanza makofi ya taratibu ya kumwamkia. Mzee akapita. Hakujibu.

"Hana adabu," akasema Bibi Skolastika, mwenyekiti wa akina mama wa parokia, bibi mfupi wa ugoro, mwenye sauti ya filimbi.

"Amejibu, Bibi," akasema Katekista. "Amejibu moyoni."

"Moyoni nimsikie wapi?"

Mzee alitokea mara nne katika picha ile, na mara nne wakashuka wakamwamkia. Mara ya nne Bibi Skolastika alibaki ameketi. Akasema magoti yake si ya bure.

Picha yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na mama wa Kizungu, mkulima wa viazi, na mwanawe wa pekee. Jina la mtoto lilikuwa la kukwaruza koo, Katekista akampa Petro. Nchi yao yote nyeupe. Tukauliza ni nini kile kimemwagika. Katekista akasema, "Ni umande wetu wa mwezi wa saba, ila wao umewazidi." Tukawaonea huruma, maana hatukuona ng'ombe hata mmoja wa kumwamsha. Petro akabeba gunia la viazi kwenda kuuza ng'ambo ya ziwa. Ziwa limeganda, anatembea juu yake. Katikati likapasuka. Gunia likabaki juu, Petro akaenda chini.

Nilisikia kucha za Mama zinaingia mkononi mwangu. Hakunitazama. Alikuwa anatazama gunia.

Wakamtafuta kwa kamba na miti mirefu, hawakumpata. Majirani wakaja na mishumaa mpaka mlangoni kwa yule mama. Yeye akawatazama, akafunga mlango, akabana komeo. Na hapohapo jenereta likakohoa mara mbili na kioo kikawa cheusi.

Paroko akatoka, akaligonga, akalipuliza, akaliombea nadhani. Akarudi na mikono ya grisi. "Limekufa kifaa. Tutamalizia Jumapili ijayo."

Watu hawakuondoka. Mngekuwa ninyi wa leo mngesema poa, mkaenda zenu. Bibi Skolastika akasimama. "Baba Paroko, yule mama tunamwachaje?"

"Namna gani, Bibi?"

"Amefiwa leo. Amejifungia peke yake. Halafu tukae wiki nzima tukila maharage yetu?"

Paroko akacheka, akafikiri ni utani. Ndivyo wageni wanavyotujua kwa miaka ishirini na bado hawajatujua.

Jumatatu asubuhi wanawake walianza kufika kiwanja cha ghala, wengine na unga kichwani, wengine kuni, wengine mtungi wa maji. Saa nne mafiga matatu yalikuwa yamewaka na sufuria la maharage linachemka. Hata Mama Masanja akaja, wa wale wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kule chini Milepa, aliyekuwa amepanda kwetu kuuza samli. Kibuyu cha maziwa begani.

"Marehemu ni mtoto wa nani?" akauliza.

"Wa yule mama wa kwenye video."

"Ukoo gani?"

"Wazungu wa viazi."

Akafikiri kidogo. "Haya. Maziwa niweke wapi?"

Paroko alipofika na gari kumleta fundi wa jenereta, akakuta msiba umesimama. Alishika kichwa. "Jamani, wale ni waigizaji! Yule kijana hakufa. Yuko kwao, pengine ameoa."

Wanaume waliokuwa wanapasua kuni wakaweka shoka chini. Bibi Skolastika akavuta ugoro, akapiga chafya, akajifuta.

"Baba," akasema, "Ijumaa Kuu unatuambia tulie, tunalia. Wakati huo si tunajua kabisa kwamba Jumapili atafufuka?"

Paroko akavua kofia, akatafuta gogo, akaketi upande wa wanaume. Mtu akampa kikombe cha uji.

Sasa likatokea jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Msiba lazima uwe na mfiwa. Lazima kuwe na mtu kwenye mkeka wa kumpa pole, la sivyo mnakula ugali tu kama harusi. Nani amkalie yule mama, akae mahali pake? Mkeka ukatandikwa ukutani, mtupu. Kila mwanamke akajitetea. "Mimi wanangu wazima, nisijichulie." "Mimi nina mimba." "Mimi mgongo." Bibi Skolastika alisema yeye ni mwenyekiti, anasimamia. Wakabishana mpaka maharage yakaanza kuungua.

Mama alikuwa amefika lakini amesimama mbali, kwenye kona ya ghala, amejifunika khanga. Kwa nini alikuja, yeye ambaye hakukanyaga msibani miaka miwili? Nilimuuliza nikiwa mtu mzima. Alisema, "Yule mama alifunga mlango kama mimi. Nikaona nije nisikie watakavyomsema."

Basi akasikia ubishi, akachoka. Mama hakupenda chakula kiungue. Akaja na hatua zake ndefu, "Pisheni huko, mnashindania mkeka kama kuku," akaketi, akanyoosha miguu, akajifunika kichwa. "Nitamkalia mimi. Haya, anzeni, watu wana mashamba."

Mpaka leo sijui kama Bibi Skolastika alipanga. Nilimtazama usoni, alikuwa anakoroga maharage kwa bidii ya mtu ambaye hajaona lolote.

Watu wakapanga mstari. Wanapiga magoti, wanapiga makofi, wanasema, "Pole, mama wa Petro." Na Mama anaitikia kwa niaba, "Asante, nitamfikishia." Mara ya kwanza watu walicheka kidogo. Mama Masanja akasema, "Pole, mama wa viazi," hata Mama akatabasamu. "Asante, nitamfikishia." Kumi na tano, ishirini, thelathini. Sauti yake ilikuwa inaitikia ikipungua, kama redio ambayo betri zinaisha. "Asante." Halafu kichwa tu.

Kisha mstari wa wanaume. Na wa mwisho alikuwa Baba, na lile koti lake la manyoya.

Baba alikuwa mwanamume wa Kifipa wa zamani. Yeye ndiye aliyeamkiwa kwa magoti, si kuamkia. Akachuchumaa mbele ya mkewe mpaka goti likagusa vumbi. Akapiga makofi, polepole, matatu. Akasema, "Pole, Mama Gasper."

Nilisikia maharage yanatokota.

Mama alimtazama. Nikafikiri atasimama, atakunja ule mkeka amtupie. Midomo yake ikaanza kutafuta lile jibu, asante, nitam, nitam... likakataa kutoka. Ndipo akalia. Si kilio cha adabu. Alilia mpaka panya wa ghala wakakimbia, akaita jina la mwanawe kutoka mwanzo wake, jina la ubatizo na la ukoo na lile la mapenzi aliloitwa akiwa ananyonya. Wanawake wote wakamwangukia. Unga ukamwagika. Mimi nilisimama palepale, nikalia kwa sababu mashavu yangu yalikuwa ya Gasper. Sijui kama mnanielewa. Nilitamani kuyarudisha.

Hapo hakuna aliyemkumbuka Petro tena. Wazee wa ukoo waliitwa, msiba ukahamia nyumbani kwetu, tukakaa siku tatu kama inavyotakiwa. Paroko akaadhimisha Misa ya marehemu pasipo jeneza, na kwa jinsi alivyosoma lile jina nilijua amelifanyia mazoezi. Shati la Gasper akapewa mjomba, jembe lake akapewa binamu. Siku ya tatu jioni wageni walipotawanyika, Mama akapika mwenyewe. Akapakua sahani tatu. Mkono wake ukaenda kwenye ya nne, ukasimama, ukarudi. Na kesho yake asubuhi, Mungu anisamehe, nilimlilia kaka yangu na pia nilisikia njaa.

Watu huwa wananiuliza, kwa hiyo alipona? Mimi sijui mnaposema kupona mnamaanisha nini. Aliendelea kutoka nje akisikia lori. Kirando hakushuka mpaka anakufa, na dagaa hakuwala. Lakini Noeli ile aliimba, akaanza kwa kukwama, sauti imeota kutu, halafu ikafunguka. Na watu wakamrudishia jina lake. Ukimwita Mama Gasper anageuka.

Jumapili ya pili jenereta lilikuwa zima. Tulijaa ghalani kuliko mwanzo, wengine bila blanketi, kwa sababu nilizokwisha kueleza. Mama alikaa benchi la mbele kabisa. Yule mama wa Kizungu akakaa ndani na komeo lake, nywele zikawa na mvi, miaka ikapita. Mwishoni kabisa akafungua mlango, akaenda kwenye maji, akapiga magoti, akalia. Katekista Kristofa akanyanyua fimbo na kutangaza, "Sasa amepona!"

Mama akasema kwa sauti, ghala zima likasikia, "Amechelewa, huyo. Angekuja kwetu Jumatatu." Watu wakacheka mpaka mabenchi yakaanguka, na Paroko alicheka kuliko wote, huku akijifuta macho akisingizia moshi wa jenereta.

Siku hizi ninakaa Sumbawanga mjini na mjukuu wangu, Neema. Shikamoo yake naipata nikiidai, la sivyo ni "Bibi, mambo." Picha za dini anazo mia humo kwenye simu yake: za waliobakwa, waliofiwa, waliotelekezwa, na wote wanapona vizuri kabisa. Anaziangalia peke yake, na vitu masikioni, mimi nipo hapahapa kitandani kwake. Hakuna anayeleta blanketi. Hakuna anayemwamkia mzee anapoingia. Simlaumu. Hata sisi tungepewa simu tungejifunika nayo, maana baridi ni ileile.

Juzi nilimwona machozi yanamtoka. Nikamgusa. "Nani amefariki?"

Akatoa kimoja sikioni. "Mtoto wa huyu dada, Bibi. Lakini tulia, mwishoni anapata amani."

"Wamekaa matanga siku ngapi?"

"Matanga?" Akacheka. "Ile sehemu ya msiba huwa naipeleka mbele. Inachosha."

Nikavaa miwani, nikasogea, nikajiweka vizuri ukutani.

"Irudishe nyuma, mama," nikamwambia. "Hatujampa pole."